Mto Wye: wakubwa wanahesabiwa, vifaranga hawaulizwi

Oktoba 2025, karibu watu 4,000 walifungua madai katika Mahakama Kuu jijini London kuhusu hali ya mto Wye, tawimto lake la Lugg na jirani yake Usk, mito inayohusu Wales na mpaka wake na England. Wanaodaiwa ni kampuni kubwa ya kuku, Avara Foods, pamoja na kampuni yake tanzu na shirika la maji la Wales, Dŵr Cymru. Wadai wanasema samadi ya kuku na majitaka vimeiharibu mito yao, wadaiwa wanakana. Tangu hapo mjadala umegawanyika, na kila upande una samaki wake wa kuonyesha. Upande mmoja unasema kuku ndio walioumaliza mto, hivyo samadi ikizuiwa samaki watarudi. Upande wa pili unatoa picha za barbeli wa kilo nne na nusu na zaidi, walioshikwa msimu huu huu, na kuuliza: mto uliokufa unatoaje samaki wa namna hii?

Pande zote mbili zinatazama mahali pasipo na jibu. Hoja yangu ni kwamba Wye unapoteza samaki wake kwenye mayai na kwenye vifaranga, yaani samaki wachanga, wasiofika mwaka wa pili, na kwamba picha ya samaki mkubwa ni dalili ya ugonjwa huo kabla ya kuwa ushahidi wa afya. Ikiwa ni hivyo, kesi ya samadi inastahili kusikilizwa na kushinda kwake kungekuwa na maana kubwa, lakini kungefungua fundo moja tu kati ya manne au matano. Anayewaahidi wavuvi kwamba samaki watajaa tena baada ya hukumu anawaandalia hasira ya miaka kumi ijayo.

Kwanza samaki wenyewe. Waingereza huwagawa samaki wa mito na maziwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni samoni na trauti, samaki wa mezani na wa wenye ardhi. Fungu la pili ni karibu wote waliobaki: barbeli, chabu, rochi, deisi, paiki na wenzao, ambao huvuliwa kwa ndoano, hupimwa, hupigwa picha, kisha hurudishwa majini. Mitoni msimu wao hufunguliwa tarehe 16 Juni na kufungwa usiku wa tarehe 14 Machi. Barbeli ndiye anayetafutwa zaidi kwenye Wye. Ni samaki mrefu wa rangi ya shaba, mwenye ndevu nne mdomoni na tumbo bapa la kumshikilia chini penye mkondo mkali. Ni wa ukoo mmoja na ningu wa Ziwa Victoria. Tena si mwenyeji. Asili yake katika Uingereza ni mito inayotiririka kuelekea mashariki, kama Thames na Trent. Mwaka 1956 barbeli 509 walitolewa mto Kennet na kupandwa mto Severn, na baadaye wakaonekana Wye, ambako pia walifikishwa kwa mikono ya watu.

Wye wenyewe unaanzia mlima Pumlumon katikati ya Wales, unapita Rhayader, Builth Wells na Hay, unaingia Hereford upande wa England, kisha unarudi mpakani hadi Chepstow. Ni kama kilomita 250, na bonde lake lina zaidi ya kilomita za mraba 4,000. Kwa karne nzima ulikuwa mto wa samoni. Mwaka 1967 peke yake wavuvi wa ndoano walipata samoni zaidi ya 7,000. Siku hizi hesabu ya mwaka mzima ni ya mamia. Enzi hizo chabu na paiki walikuwa takataka, walitolewa kwa nyavu ili wasimbughudhi samoni. Samoni walipopungua, samaki wale wale waliodharauliwa ndio walioanza kujaza nyumba za wageni na kununuliwa vibali vya siku. Maji ya Hereford yakajulikana kwa mashindano ya majira ya baridi, mvuvi akivuta deisi, rochi na chabu mmoja baada ya mwingine hadi mwamuzi apige filimbi. Kwa hiyo anayelalamika leo halilii kumbukumbu za kifahari za mababu. Analilia uvuvi wa watu wa kawaida uliositawi ndani ya umri wake.

Sasa turudi kwenye picha ya samaki mkubwa. Barbeli jike huchukua miaka mitano hadi minane kukomaa, na huweza kuishi zaidi ya miaka ishirini. Ukimrudisha majini kila anaponaswa, anaweza kunaswa na watu kadhaa katika msimu mmoja, na kila mmoja akapeleka picha yake. Kisha kuna chambo, jambo ambalo wachambuzi wa mezani hawaligusi kabisa. Zamani mvuvi alijaza kijikebe cha plastiki chenye matundu funza na mbegu za katani zilizochemshwa, akafunga ndoano ndogo ya namba 16 au 18 yenye funza mmoja au wawili, akatupa katikati ya mkondo. Ndoano hiyo hunasa kila mwenye mdomo, hata samaki wa urefu wa kidole. Leo wengi hutumia kidonge kigumu cha unga wa samaki chenye upana wa milimita 8 hadi 14, kilichofungwa kwa uzi nyuma ya ndoano kubwa, makusudi ili wadogo wasisumbue. Chombo hicho kimebuniwa kisiwaone wadogo. Ukikitumia miaka kumi, utapata kumbukumbu safi ya samaki wazee na hutajua lolote kuhusu watoto wao. Halafu wazee wanapobaki wachache chakula kinawatosha, wananenepa, uzito wa wastani unapanda, na mvuvi anarudi nyumbani akisema mto unaendelea vizuri. Wavuvi wengi wa Wye wanaeleza hali hii hii: kunaswa mara chache, ila anayenaswa ni mkubwa. Kwa samaki anayeishi miaka ishirini, mazalia yanaweza kufa leo na picha zikaendelea kupendeza kwa muongo mzima.

Mazalia hayo ni nini hasa? Barbeli na chabu hutaga mwishoni mwa majira ya kuchipua, mwezi Mei na Juni, maji yakishapata joto la nyuzi 14 au 15 hivi. Jike hutafuta kina kifupi chenye mkondo wa kasi na changarawe safi, anachimba kidogo kwa mkia, mayai yanashika kati ya mawe. Kwa siku kadhaa, kulingana na joto, uhai wa yai unategemea maji yenye oksijeni yanayopenya kati ya kokoto. Kifaranga akitoka hukaa kwanza ndani ya changarawe akila kiini chake, kisha husukumwa na mkondo hadi kandokando, penye maji yaliyotulia, kina cha kifundo cha mguu, majani na mizizi. Hapo anakula wadudu wadogo hadi vuli. Rochi yeye hutaga juu ya majani na mimea mingine ya majini, hivyo asipopata mmea hana pa kuweka mayai. Mnyororo huu una pete nyingi, na ikikatika moja tu mwaka huo umepotea: changarawe ikijaa tope, yai linakosa pumzi, mafuriko yakija Julai, kifaranga asiye na pa kujishika anachukuliwa, mmea ukitoweka, hakuna chakula wala maficho.

Mmea mkuu wa Wye ni ranunkulasi, gugu la majini lenye nyuzi ndefu za kijani na maua meupe yanayofunika mto mwanzoni mwa kiangazi. Sehemu kubwa ya mashamba yake imetoweka, na Mei 2023 taasisi ya uhifadhi ya England iliushusha mto daraja rasmi, kutoka hali mbaya inayopata nafuu hadi hali mbaya inayozidi kuporomoka, ikitaja pia kupungua kwa mimea ya majini na samoni. Ranunkulasi si pambo. Mashada yake huzuia maji kidogo na kuinua kina wakati wa ukame, huelekeza mkondo ukasafisha changarawe kati ya mashada, hubeba maelfu ya wadudu, na humficha deisi wa sentimita kumi asionekane na ndege. Mwani ukitanda majini wakati wa joto, maji yanageuka rangi ya supu ya njegere na mwanga haufiki chini. Mwani mwingine hujishika kwenye majani yenyewe na kwenye mawe. Chukua jiwe penye kina kifupi mwezi Mei, lipitishe kidole gumba: likiwa zima utahisi mkwaruzo na kuona wadudu wakikimbilia upande wa chini, likiwa limeathirika kidole kinateleza juu ya utando wa kahawia mzito kama uji uliopoa, na chini ya jiwe kuna tope laini jeusi. Yai lililowekwa chini ya utando huo halina nafasi.

Kuna na saa za usiku. Maji ya nyuzi 20 yakishiba oksijeni hubeba kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 25 hushuka hadi 8 na kidogo. Mwani mchana hutengeneza oksijeni hadi ikazidi kiwango cha kushiba, lakini usiku nao hupumua kama sisi, na kiwango hushuka hadi chini kabisa karibu na alfajiri. Ofisa anayefika na kipimo saa tano asubuhi, baada ya chai, atapata mto mzuri. Anayetaka ukweli afike saa kumi na moja alfajiri, au aache kipimo majini kikijiandika chenyewe kila robo saa. Mchana huo huo wa mwani mwingi, pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wake, hupanda. Katika maji yenye joto la nyuzi 20 na pH 8, asilimia kama 4 tu ya amonia yote, uchafu utokao kwenye samadi na majitaka, huwa katika umbo lenye sumu kwa samaki. pH ikifika 9 inakuwa zaidi ya robo. Yaani kiasi kile kile cha uchafu kilichokuwa cha kuvumilika Aprili kinageuka sumu Juni bila mtu yeyote kumwaga tone jipya. Mashavu ya kifaranga wa wiki mbili hayavumilii kile ambacho barbeli wa miaka kumi na tano hukikimbia kwa kuhamia kwenye kasi ya maji.

Hapo ndipo kuku wanapoingia, na kwa haki. Bonde la Wye linakadiriwa kuwa na kuku zaidi ya milioni 20 kwa wakati mmoja. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Lancaster, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba fosforasi, kirutubisho kinacholisha mwani, inayoingia bondeni kwa vyakula vya mifugo na mbolea inazidi inayotoka kwa kama tani 3,000 kila mwaka, na kwamba udongo wa huko hauna uwezo mkubwa wa kuishikilia. Hesabu ya shambani ni rahisi. Samadi ya kuku wa nyama ina takriban kilo 28 za naitrojeni na kilo 17 za fosfeti (umbo la fosforasi kwenye mbolea) kwa tani. Kanuni huruhusu hadi kilo 250 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka. Mkulima akijaza kipimo hicho ameweka kama tani 9, yaani fosfeti karibu kilo 150. Ngano ya tani 8 kwa hekta huondoa kama kilo 60. Zilizobaki zinakaa udongoni, na mvua kubwa ikiosha shamba la mteremko lililolimwa kuelekea mtoni, zinaondoka pamoja na tope. Mkulima amefuata kipimo cha naitrojeni, na fosforasi imepita mlango wa nyuma.

Wanaotetea ufugaji wana hoja moja nzito ambayo wanaharakati hupenda kuiruka. Fosfeti iliyopimwa ndani ya maji ya Wye imepungua kuliko ilivyokuwa miaka ya 1990, hasa kwa sababu mitambo ya majitaka iliboreshwa. Kama kirutubisho kimepungua na mto umezidi kuumwa, wanauliza, kosa liko kwa kuku kweli? Swali hili linastahili jibu la heshima. Jibu la kwanza ni kwamba mwani unaokua hunywa fosfeti, hivyo chupa ya maji iliyochotwa wakati mwani umejaa inapima masalio ya mlo, haipimi mlo wenyewe. La pili, fosforasi iliyofungwa kwenye tope la chini haimo katika chupa hiyo, na hurudi majini polepole. La tatu ndilo linalowapa watetezi haki kiasi: joto na uchache wa maji vimebadilika. Kiwango ambacho mto wenye kina na baridi ulikimudu miaka ya nyuma hakimudiki mtoni penye kina cha goti na nyuzi 24. Hii haiwasafishi wafugaji. Inamaanisha kwamba kipimo cha zamani cha uchafu unaovumilika kimeshapitwa, na wote wanaoutumia mto, mashirika ya majitaka yakiwemo, wanadaiwa kushuka zaidi.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosikika sana kingoni mwa mto, ni ya fisi maji. Inasemwa kwamba fisi maji waliongezeka, wakala barbeli, basi. Mizoga iliyoliwa nusu ipo kweli na inaumiza kuiona. Lakini tazama tarehe. Ukaguzi wa kitaifa wa Wales wa 1977–78 ulipata dalili za fisi maji katika kama asilimia 20 ya maeneo yaliyotembelewa; wa 2009–10 ulipata kama asilimia 90. Kisha ukaguzi wa 2015–18 ukashuka hadi kama 70. Fisi maji wenyewe wamepungua katika kipindi kile kile ambacho malalamiko ya wavuvi yamezidi. Mla nyama anayepungua pamoja na mawindo yake ana njaa, na kumtaja kuwa chanzo ni kugeuza mambo juu chini. Tena lawama hiyo inahusu barbeli wakubwa waliokutwa wameliwa. Haielezi kwa nini rochi na deisi wadogo hawaonekani. Mnandi ni suala jingine. Ndege huyu humeza samaki wa sentimita 10 hadi 25, hasa wakati wa baridi wanapokusanyika, na kundi la minandi linaweza kupunguza sana deisi wa kipande kimoja cha mto. Ninakubali madhara yake. Ila deisi aliye chini ya mashada ya ranunkulasi na deisi aliye juu ya kokoto tupu hawako katika hatari sawa, hivyo hata hapa tunarudishwa kwenye mmea.

Wapo wanaosema tupande samaki. England ina kituo cha serikali cha Calverton, karibu na Nottingham, kinachozalisha barbeli, chabu, rochi na deisi kwa ajili ya mito, na baada ya ajali ya sumu kazi yake ni ya thamani. Mwaka 2020 mto Llynfi, tawimto la Wye upande wa Wales, ulipoteza samaki wanaokadiriwa zaidi ya 45,000 kwa tukio moja. Mahali kama hapo kupanda kuna maana maji yakishakuwa safi. Kwa Wye wenyewe ni kumwaga maji kwenye pakacha. Samaki wa kupandwa anaruka hatua ya yai, lakini atakomaa na kutaga juu ya changarawe ile ile yenye utando, na baada ya miaka sita utahitaji kupanda tena.

Fundo linalosahaulika kabisa ni maji yenyewe. Mabwawa ya bonde la Elan, yaliyofunguliwa mwaka 1904 na kuongezewa bwawa la Claerwen mwaka 1952, hupeleka maji Birmingham kwa mfereji wa kilomita 118 unaoshuka kwa mteremko tu, bila pampu. Kuta hizo zimezuia pia changarawe mpya kushuka, hata imebidi kuimwaga kwa malori chini ya mabwawa. Kiasi kinachoachiwa kwenda Wye wakati wa kiangazi kinaamua kina, kasi na joto huku chini. Ni jambo la makubaliano ya watu wachache mezani, na linaweza kubadilishwa haraka kuliko udongo wa bonde zima. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye nafuu ya karibu kuliko pote, na ndipo pasipo na maandamano.

Tuseme basi wadai wanashinda. Samadi kuhamishwa nje ya bonde kumeshaanza. Avara ilibadilisha utaratibu wa mbolea ya wafugaji wake mwaka 2024. Lakini fosforasi iliyokwisha kurundikana udongoni hupungua kwa mazao kuinyonya bila kuongezewa, kazi ya miaka mingi. Katika kipindi hicho chote vifaranga wanahitaji mambo ambayo mahakama haiamuru: uzio wa kuzuia ng'ombe kingoni, miti ya mirebi na milanda ya kutia kivuli kwenye vijito vya juu ambako joto huanzia, ukanda wa nyasi wa mita kadhaa kati ya shamba na maji, vihori vya maji matulivu vilivyofunguliwa upya, na changarawe iliyopigwa kwa maji ya pampu kabla ya Mei ili tope litoke. Hayo hufanywa kipande kwa kipande, na hufa yakikosa mtu wa kuyatazama. Hapo ndipo kupotea kwa wavuvi wa kawaida kunapoleta hasara isiyoandikwa kwenye hati ya madai. Sehemu kubwa ya kinachojulikana leo kuhusu Wye kimetokana na watu waliojitolea kupima maji kila wiki, wengi wao wavuvi. Anayeacha kununua kibali anaondoka na macho yake.

Na kipimo cha mafanikio kibadilike kuanzia msimu ujao. Agosti, asubuhi tulivu, watu wawili wenye wavu wa matundu ya milimita 3 wazungushe mita kumi za ukingo penye maji yaliyosimama, chini ya kila eneo la kutagia kati ya Builth Wells na Ross, mji ulio chini ya Hereford. Vifaranga wahesabiwe kwa aina, wapimwe urefu kwa milimita, warudishwe, na mahali pale pale parudiwe kila mwaka. Barbeli wa mwaka huo huo wakipatikana katika sehemu saba kati ya kumi, mto unajirudi, hata kama wavuvi wa samaki wakubwa wanarudi mikono mitupu. Wakikosekana miaka mitatu mfululizo, hakuna picha ya barbeli wa kilo sita itakayobadili maana yake, kwa kuwa jike wa kwanza atakayezaliwa maji yakishatengemaa atakuwa tayari kutaga miaka mitano hadi minane baadaye, na waliopo sasa wanazeeka.